Spika ya Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimefungua mapema. Vumbi mezani tena. Nimefuta, limerudi. Hapa Genkuru siku hizi tunakunywa chai na udongo, na hakuna anayelalamika, maana kila mtu anaamini udongo wetu una dhahabu.

Jenereta limewaka kwa mvuto wa kwanza. Asante Mungu. Si kawaida yake.

Deki mpya inapiga vizuri. Nimeinunua dukani Nkende, ina sabufa na spika tano. Kwenye boksi kuna picha ya sebule: watu wamejazana kwenye kochi na spika zimewazunguka kama mbwa wanaosubiri mifupa. Nilicheka. Nani ana sebule ya hivyo? Mimi nina baa. Nimeongeza waya, nikatundika spika kila penye watu. Moja kaunta. Moja kwenye kona ya Mzee, baba yangu. Moja barazani kwa vijana wa machimboni. Moja uani kwa Mwita, mchoma nyama wangu. Ya mwisho ni fupi na pana, haifanani na wenzake, haikutaka kukaa kwenye msumari. Nimeilaza jikoni kwa mke wangu Bhoke, juu ya rafu ya unga.

Kila mtu amepata yake. Najisifu mwenyewe, kwa kuwa wengine hawajaanza.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzuri. Wageni wengi. Wametoka Musoma, Shinyanga, mmoja hata Mbeya. Wanaulizia duara jipya, shimo la dhahabu, kabla hata ya kuulizia choo.

Mgodi mkubwa ulipolipua mwamba mchana, vikombe vilicheza kama kawaida. Mgeni wa Mbeya akaniomba nipunguze sabufa. Nikajifanya napunguza. Akashukuru.

Mzee yuko konani kwake na chai yake. Baba yangu huyu ana mambo. Kwa desturi yetu baba haingii nyumba ya mwanawe, wala hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe. Mama alipofariki nikamjengea kibanda chake nyuma, lakini mchana alikuwa mpweke. Akafikiri wee, mwisho akaja hadi mlangoni kwangu na kigoda mkononi, akasema, "Mura, mwanangu, baa si nyumba. Nyumba haina wateja." Akaingia, akakaa. Hajatoka tena.

Kwa hiyo Bhoke haingii baa Mzee akiwemo. Anabaki jikoni, chakula kinapita dirishani, mimi ndiye ninayepeleka. Mzee akitaka chumvi ananiambia mimi. Bhoke akitaka kujua kama ameshiba ananiuliza mimi. Miaka yote ya ndoa yetu hawajawahi kukaa mahali pamoja, na sijui watu wanaoheshimiana kuliko hao wawili. Nachoka kwa kutembea, lakini nashukuru kuwa nao.

Tatizo la nyumba hii ni ukimya wa Bhoke. Tangu tumzike Ghati wetu, mvua zilizopita, mke wangu hajaimba. Homa ya siku chache tu, mtoto akaenda. Zamani kwaya ilikuwa haianzi mpaka Bhoke aanze. Sasa anakaa benchi la nyuma na kitabu kimefungwa. Jikoni alikuwa anaimba hata akikatakata vitunguu. Sasa nasikia kisu tu.

Watu bado wanamwita Mama Ghati. Anaitika.

Jumamosi, 8 Juni

Odhiambo amekuja na mfuko wa diski. Huyu ni fundi wa malori, kwao Migori, ng'ambo ya mpaka, ana kibarua kwenye gereji ya hapa. Mtu mkubwa, mikono ya grisi, moyo wa mtoto. Mkuu wake wa zamani alipoondoka alimwachia albamu zake za roki ya zamani. Anasema zimetengenezwa upya. Muziki ni uleule wa enzi za baba zetu, ila mafundi wamerudi kwenye kanda za mwanzo, wakautawanya uje kutoka kila upande.

Amesukuma moja kwenye deki, mara akaitwa gereji, akakimbia. Hakusikia hata wimbo mmoja.

Sisi tumesikia. Sijui nini.

Nyimbo zetu za kawaida zinatoka sawa kila spika. Hizi hapana. Kaunta: gitaa zito na ngoma. Kona ya Mzee: gitaa jingine, jepesi, linazunguka peke yake. Barazani: makofi, mwangwi, kitu kama upepo. Kwa Mwita: kinanda kinakuja na kupotea. Sauti ya mwimbaji haipo kabisa. Vijana wakaanza kubishana. Mmoja akasema ni muziki wa mazoezi ya viungo. Mwita akasema ni wa msibani. Mzee, ambaye ujanani alipiga litungu, zeze letu, kwenye sherehe zote za ukoo, akasikiliza kwa heshima, akasema kijana anajua kutumia vidole ila nyuzi zake nyepesi.

Nimerudisha bendi zetu. Amani ikarudi.

Jumanne, 11 Juni



Asubuhi kabla ya wateja niliirudisha ile diski ya Odhiambo, kwa udadisi tu. Nikaenda kuchukua gunia la mkaa. Nikapita nyuma ya jikoni. Nikasikia mwanamume anaimba ndani kwa mke wangu.

Nikashusha gunia. Nisijifanye shujaa: nilishika kuni.

Kumbe ni ile spika fupi. Sauti yote ya mwimbaji imo mle. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Mtu anaimba peke yake juu ya rafu ya unga, hadi pumzi zake unazisikia. Kiingereza, sauti nzito, ya mtu mwenye shida zake.

Halafu nikasikia ya pili, chini yake. Ndogo, imekauka. Bhoke.

Kiingereza hajui. Alikuwa anaweka maneno yake ya Kikurya juu ya sauti ile. Anaimba moto hauwaki, kuni zimelowa, maharage ni magumu. Mzungu wa watu analia mapenzi yake, naye anamjibu kwa maharage.

Nimekaa juu ya gunia la mkaa nikalia. Suruali imeharibika. Basi.

Sikuingia. Nimeogopa nikiingia ataacha. Asante Mungu. Asante Odhiambo. Asante hata yule muuza duka aliyenipunja bei ya waya.

Alhamisi, 13 Juni

Diski ya Odhiambo inapigwa kutwa nzima. Nimegoma kubadilisha. Bhoke anaimba kila siku, na kila siku sauti inapanda kidogo. Leo amemzidi yule mtu kwenye kiitikio.

Lakini wateja wamechoka. Barazani wanasema wanasikia makofi tu, kama wako nje ya harusi ambayo hawakualikwa. Wawili wamehamia baa ya chini. Mwita anataka maneno. Anasema nyama haiwezi kuchomwa na kinanda peke yake.

Wamenikera hadi mchana nikaiondoa spika ya jikoni nikaileta kaunta. Barazani hawakusikia vizuri, lakini walau walijua kuna mtu anaimba. Wakapiga makofi.

Jikoni ikawa kisu tu.

Bhoke akatoa kichwa dirishani. Akaniuliza taratibu, "Yule mtu ameenda wapi?"

Nikamwambia spika ina hitilafu. Nikairudisha haraka, waya ukanikwaruza shingo. Watakaohama wahame.

Jumatatu, 17 Juni

Odhiambo amekuja kunywa soda, kwa mara ya kwanza tangu alete diski. Akasimama mlangoni. Akasikiliza. Akaenda barazani, akaenda kwa Mwita, akachungulia dirisha la jikoni. Akarudi ameshika kichwa.

"Marwa, bana, umefanya nini? Huyu jamaa umemkatakata vipande vipande! Mguu huku, kichwa jikoni!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, maana ni kweli. Akanieleza. Ile picha kwenye boksi haikuwa ya urembo. Spika zote zinakaa chumba kimoja, mtu anakaa katikati, muziki unamzunguka. Muziki umetengenezwa kwa watu waliokaa pamoja.

Nikamwambia nyumba hii watu hawakai pamoja. Mzee hapa, mke wangu pale, mimi njiani. Ndiyo maana nimegawa. Wajaluo kama yeye wana heshima zao kwa wakwe, alielewa.

Hata hivyo akataka azipange upya palepale. Nikakataa. Nikampeleka nyuma ya jikoni, nikamwambia asikilize. Alisimama pale na soda yake hadi wimbo ukaisha. Akasema tu, "Wacha ikae hapo." Rafiki wa kweli.

Jumatano, 19 Juni

Habari mbaya. Kazi ya gereji imeisha. Odhiambo anarudi Migori Jumapili, na diski zake. Ni mali yake, na anazipenda kuliko viatu vyake. Siwezi kuziomba. Nilizitafuta Tarime mjini, muuzaji alinitazama kama nimeomba mayai ya tembo.

Ameomba kitu kimoja tu. Jumamosi, kabla hajaondoka, spika zikae chumba kimoja, asikie albamu ile kama ilivyotengenezwa. Kwake Migori ana redio ya kawaida. Hajawahi kuisikia nzima. Amebeba chakula miaka yote bila chungu.

Nitamkatalia vipi?

Naogopa, niseme ukweli. Jumamosi yule mtu anatoka jikoni, Jumapili anavuka mpaka. Bhoke akinyamaza tena, sina dawa nyingine. Nimemfokea Mwita bila sababu. Nimemwomba radhi. Amesema ameshazoea, jambo ambalo si zuri.

Ijumaa, 21 Juni

Odhiambo ana wazo: Mama Ghati naye asikie. Akae kwenye kiti cha katikati, asikie yule mtu wake akiwa mzima. Labda, anasema, ukimsikia mtu vizuri mara moja unabaki naye.

Nimempelekea Bhoke. Macho yakawaka. Kisha akauliza, "Na Baba atakuwa wapi?"

Hapo ndipo tumekwama. Mzee yuko konani. Kumwambia baba yako atoke mahali ulipomkaribisha ni kumfukuza. Sitatamka neno hilo mdomoni mwangu, hata kwa dhahabu ya mlima mzima.

Nimejaribu njia ya ujanja. Nimemwambia Mzee kwamba dada yake kule Nyamwaga amemkumbuka, aende kesho kumsalimia. Akasema dada yake hajawahi kumkumbuka mtu ila wakati wa mavuno, na barabara ina vumbi. Akaomba chai nyingine.

Tufunge spika uani? Odhiambo anasema upepo utakula kila kitu, na mashine za kusaga mawe hazinyamazi. Lazima chumba.

Bhoke amesema basi, yeye hana shida, atasikilizia dirishani. Amesema kwa upole. Ningependa angefoka.

Jumamosi, 22 Juni

Niandike yote, nisije nikasahau.

Baada ya chakula cha mchana Odhiambo alivaa shati safi. Sijawahi kumwona bila grisi, ana rangi nyingine kabisa. Akakusanya spika zote. Mbili mbele, ile fupi katikati yake juu ya kaunta, mbili nyuma kwenye kona za mlangoni. Watu akawapanga ukutani. Katikati akaweka kiti, akakifuta kwa leso yake.

Mzee konani na chai yake. Anatazama tu.

Bhoke dirishani, uso tu unaonekana. Odhiambo akageuka, akainama kidogo, akasema, "Mama Ghati, karibu. Hii kiti ni yako."

Bhoke akatikisa kichwa. Akainamisha macho. Akavuta dirisha likafungwa.

Watu wakatazama sakafu. Hata Mwita. Nikaona aibu, na hasira juu ya aibu hiyo, na sikujua nimkasirikie nani.

Mzee akamaliza chai. Hakuwa na haraka. Akasimama. Tukadhani anakwenda haja. Akachukua kigoda chake, akakitia kwapani, akatoka mlangoni akazunguka nyumba. Nikamfuata mbio. Nilijua amekasirika, nilikuwa naandaa maneno ya kumsihi.

Amesimama nje ya mlango wa jikoni. Akakohoa kile kikohozi cha baba mkwe, cha kumpa mtu nafasi ya kuondoka. Kisha akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kufika ndani:

"Mura, mwambie Mama Ghati atoke. Leo mpishi ni mimi."

"Tata, hili ni jiko la mkwe wako."

"Ni jiko la baa. Nyumba haina wateja."

Mzee wa watu, aliyeongoza baraza la ukoo, anataka kuingia jikoni. Akanisogelea, akapunguza sauti. Akasema, "Usidhani kwenye kona yangu kulikuwa na gitaa tu. Ukuta ule ni mwembamba. Nimemsikia anarudi kidogo kidogo. Mwache akakae."

Nikamwambia Bhoke atoke. 

Bhoke akatoka mlango wa nyuma. Mzee akaingia wa mbele. Hawakuonana. Bhoke alimwachia mwiko juu ya kigogo, mpini umegeuziwa mlangoni, jinsi unavyompa kitu mtu unayemheshimu.

Akaingia baa yake mwenyewe kwa mara ya kwanza mchana. Khanga ina unga. Akakaa kwenye kiti kwa ncha, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Odhiambo akabonyeza.

Ngoma zilianzia nyuma. Bhoke akageuka kuona nani ameingia. Watu wakacheka, naye akacheka. Akacheka! Gitaa likaja kushoto, lile la Mzee. Jingine kulia. Makofi ya barazani kumbe yalikuwa ya umati mzima, yakajaza chumba. Kinanda cha Mwita kikapita juu yetu, Mwita akanyoosha kidole juu kama amemwona ndugu yake sokoni. Halafu yule mtu akaanza kuimba, mbele yake kabisa.

Bhoke akasema polepole, "Ndiye huyu."

Mgodi ukalipua katikati ya wimbo. Vikombe vikacheza. Bhoke akamtikisia Odhiambo kichwa, kumpongeza. Odhiambo akasema hiyo haimo kwenye diski.

Kwenye kiitikio machozi yakamtoka Bhoke. Hakuyafuta. Nikachuchumaa kando ya kiti. Akanishika bega bila kunitazama, akasema, "Marwa, kumbe hakuwa peke yake. Siku zote nilidhani yuko peke yake. Kumbe watu walikuwa wamemzunguka."

Nikasema ndiyo. Walikuwa vyumba vingine tu.

Hakuimba. Alisikiliza hadi mwisho. Albamu nzima. Odhiambo alisimama ukutani na leso usoni, na hakuona haya.

Maharage yameungua. Mzee hajui kwamba moto hupunguzwa. Tumeyakula hivyohivyo, wote, na hakuna mteja aliyethubutu kusema neno. Mzee ameuliza kupitia kwangu kama yamefaa. Bhoke amejibu kupitia kwangu kwamba hajawahi kula maharage matamu kama hayo. Uongo mkubwa. Nimeufikisha kama ulivyo.

Jumapili, 23 Juni

Odhiambo ameondoka na gari la Sirari. Amebeba diski zake kifuani, si kwenye begi. Bhoke amemfungia kuku wa kukaanga na ndizi. Tumekumbatiana, ameniachia grisi kwenye shati la kanisani. Shati lake la safari lilikuwa safi, sijui grisi aliitoa wapi.

Mungu amfikishe. Hajui alichokifanya. Au anajua.

Kanisani Bhoke amekaa benchi la nyuma. Kitabu kilikuwa wazi. Hakuimba. Nimejizuia kumtazama, shingo inauma.

Jumatatu, 24 Juni

Vumbi mezani. Nimefuta.

Sijazirudisha spika. Zipo bado zimezunguka chumba. Rafu ya unga imebaki na unga tu.

Mzee hakukaa konani asubuhi. Amepeleka kigoda nje, nyuma ya jikoni, akakaa mgongo umegusa ukuta, uso kwenye migomba. Chai nimempelekea huko. Ameniashiria nisifanye kelele.

Kisu. Vitunguu. Mafuta kwenye sufuria. Halafu Bhoke akaanza. Si wimbo wa Mzungu. Ni ule wa Kikurya aliokuwa akimbembelezea Ghati. Sijausikia tangu siku ile. Ameuimba mwanzo hadi mwisho, na penye jina la mtoto amelitaja.

Nimekaa kwenye kiti cha katikati. Barazani wale vijana wameacha kubishana. Mwita amesimama uani na kisu chake, nyama inaungua. Upande wa pili wa ukuta nimesikia Mzee anagonga kigoda kwa vidole, taratibu, anafuata.

Asante. Sina neno jingine.

Baadaye Bhoke amefungua dirisha akaniuliza mbona siwashi muziki, wateja watahama. Nimemwambia jenereta limekwisha mafuta.

Halijakwisha.